Mchele wa Kwanza wa Shamba Lako la Mwisho

Mama,

Mpunga wako umeiva bila wewe. Nasema ule ulioupanda mwenyewe, ukijikokota juu ya kigoda kwa sababu miguu ilikwisha kukataa kazi, dada yangu Feza akitoboa mashimo mbele yako na wewe ukidondosha mbegu nyuma yake. Tulikuambia uache. Ukatuambia tunyamaze. Mvua zilipokolea tukakuzika, na mpunga ukaendelea kukua kana kwamba hakuna lililotokea.

Nakuandikia kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwuliza. Mimi ni mzee sasa. Hapa Alunguli vijana huzima pikipiki zao wanaponiona, wakanisalimu, "Mwalimu," na kila mtu hudhani kwamba nina jibu la kila jambo. Katika ujana wangu wote na utu uzima wangu niliwafundisha watoto wa watu jinsi ya kupanga sentensi, neno lipi litangulie na lipi lifuate. Lakini nani atangulie katika nyumba hii, kati yako na Mungu, sikufundishwa popote. Wewe ulijua. Uliondoka bila kuniambia vizuri.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Kinu chako kiko palepale nyuma ya jiko, na Feza hamruhusu mtu kukikalia. Jirani yako Mama Zaituni bado huja asubuhi mlangoni pa jiko akapiga hodi, kisha hukumbuka, hujishika kiuno, hurudi kwake. Wakati wa matanga alipika majani ya sombe mengi kuliko sisi wenye msiba. Siku moja nilimsikia akiongea na kaburi lako, akikutania kama zamani: "Mama Veronika, sasa unakula kwa nani? Huko mbinguni wanakuachia upike?" Nikapita pembeni ili asijue kwamba nimemsikia.

Mdogo wangu Bonifasi amekuja kutoka Kalima. Biashara ya mawe ya madini inamwendea vizuri. Amenenepa. Bado ananiita Yaya, kaka mkubwa, lakini sasa ananiita kwa sauti kubwa, kama mtu anayejua kwamba usafiri wa wageni wote wa matanga amelipa yeye. Sikatai, alilipa. Na sina neno juu ya mapenzi yake kwako, maana alilia mpaka tukamshika. Nayasema haya kabla ya kukueleza ugomvi wetu, usije ukadhani tuligombana kwa sababu ya chuki.

Unaikumbuka sheria yako. Mpunga mpya hauonjwi. Tunakata, tunakausha, tunatwanga, tunapepeta, na hakuna ruhusa ya kutafuna hata punje iliyorukia mdomoni. Mchele wa kwanza unawekwa katika ungo, unafunikwa kitambaa cheupe, unapelekwa kanisani na kuwekwa mbele ya altare. Misa ikiisha tunarudi nyumbani, na hapo ndipo chungu kinapanda jikoni. "Mungu akule mbele. Sisi tutakula nyuma." Ulituambia hivyo tulipokuwa wadogo tukimeza mate. Ulimwambia hivyo mke wangu mwaka nilipomleta kwako, naye akaniuliza chumbani kama ninyi wote mko hivi. Nilimjibu kwamba ndiyo, tuko hivi.

Na sheria ya pili: jina lako lisitajwe. Padri mmoja aliwahi kutaka kukushukuru mbele ya watu kwa kuleta mchele mweupe namna ile. Ukamkatiza, wewe uliyekuwa hukatizi mtu: "Padri, ule nimemuletea anajua jina yangu." Watu walicheka. Wewe hukucheka.

Basi Bonifasi alikuja na vitambaa vya vikwembe. Alivitengenezesha vikiwa na picha yako, ile uliyopigwa siku ya ubatizo wa kitukuu chako, umevaa kilemba cha buluu na uso wa kukasirikia jua. Alitaka familia nzima ishone, tupeleke mchele wako tukiwa sare, tuimbe tukicheza toka mlangoni hadi altareni, na yule anayeshika mikro atangaze: matoleo ya familia ya marehemu Mama Veronika. Alikwisha kuzungumza naye, na korali nayo alikwisha kuinunulia vinywaji.

Nilikataa. Nilimwambia kwamba kutajwa ni kwenye matanga, matoleo ni ya Mungu.

"Yaya," akasema, "mama amekufa. Kama sisi watoto hatumutaji, nani atamutaja?"

Nikamwambia kwamba wewe mwenyewe ulikataza.

"Alikataza wakati alikuwa muzima! Mutu muzima anaweza kukataa kusifiwa. Lakini Mungu njo alisema tuheshimu baba na mama. Ao mu Biblia yako panya walikula ile fasi?"

Wajukuu wakacheka. Amri ya kwanza na amri ya nne zilikuwa zimesimama uani kwangu zikitazamana, na zote mbili ulinifundisha wewe.

Lakini kilichonichanganya zaidi si Bonifasi. Ni jambo la zamani ambalo sikuwahi kukuuliza, na alipoitaja heshima ya watoto kwa mama, lilifufuka.

Unajua ninazungumzia nini. Vita vile vya waasi, miaka michache baada ya uhuru, Bonifasi hajazaliwa. Tulikuwa tumeuacha mji, tunakaa shambani msituni kwenye kibanda cha majani, tunakula mihogo michungu bila chumvi. Mdogo wetu Petro alikuwa ananyonya, na maziwa yalikuwa yanakukauka. Feza tumbo lilikuwa limemvimba na nywele zimegeuka rangi. Mpunga haujaiva vizuri, ukakata kidogo ule uliotangulia kubadilika rangi, ukaukausha juu ya moto kwa siri ili moshi usionekane, ukatwanga taratibu ili mlio usisikike. Nilikuwa mvulana mkubwa wa kutosha kuelewa njaa. Nilisikia harufu ya ule mchele mpya. Hata leo nikiisikia, mwili unanisisimka.

Nawe ukaufunika. Ukampandisha Petro mgongoni, ukamshika Feza mkono, ukatuacha mimi na baba, ukaenda nao kwa katekista, aliyekuwa akiwakusanya watu kusali chini ya paa la nyasi baada ya mapadri kutoweka. Ulirudi jioni na ungo mtupu.

Petro alikufa msimu uleule. Si siku ile, wala si wiki ile. Na konzi chache za mchele zisingeweza kuyarudisha maziwa. Nimejieleza hivyo tangu nilipopata akili ya kujieleza mambo. Lakini nilikua nikikuona kama mtu aliyeumbwa kwa kitu kigumu kuliko sisi. Nilikuheshimu. Nilikufuata, kila msimu nikabeba ungo pamoja nawe. Na kila msimu nikajiuliza kimoyomoyo: kujiweka nyuma ya Mungu naelewa, lakini mtoto anayelia je? Njaa ya Petro ilikuwa yako hata uitoe sadaka?

Siku ya ugomvi, Bonifasi alipokuwa ameondoka kwa hasira, nilimkuta Feza akitwanga huo mchele wako. Nikakaa karibu naye. Sijui kwa nini nilisema kwa sauti yale niliyoyafunga miaka hii yote. Nilisema, mama hakuwahi kusita. Hata siku ile ya Petro hakusita.

Feza akaacha kutwanga. "Nani alikuambia hakusita?"

"Nilimwona akiondoka."

"Uliona mugongo yake. Mimi nilikuwa mu njia naye."

Mama, akanisimulia. Kwamba katikati ya njia uliketi juu ya gogo, ukaufunua ule ungo, ukatazama mchele, ukamtazama yeye, ukamgeuza Petro ukamtazama. Kwamba ulichota mchele ukaufunga kwenye pindo la nguo yako, fundo dogo. Mkatembea kidogo. Ukasimama, ukalifungua lile fundo, ukaurudisha mchele wote ulipotoka, punje nyingine zikaanguka, ukaziokota mojamoja kwenye majani. Kwamba ulilia kwa sauti, wewe uliyetufundisha kukaa kimya msituni, ukasema: "Bwana, kuja uichukue mbiyo, mbele roho yangu igeuke tena." Na kwamba kule kwa katekista mchele ule ulipikwa ukapewa mwanamke aliyekuwa amejifungua usiku wa jana yake akikimbia. Feza hakuonjeshwa. Alikaa akamtazama yule mwanamke akila.

Nikamwuliza mbona hajaniambia maisha yote haya.

"Hauuliziaka kitu, Yaya," akasema. "Wewe unafundishaka tu." Akaendelea kutwanga.

Nilidhani habari hiyo ingenituliza. Badala yake imenichanganya zaidi. Nilipokuwa nikidhani kwamba hukuona uchungu, niliweza kukuweka mbali, pamoja na watakatifu ukutani. Sasa najua kwamba uliona uchungu wote, ulifunga fundo na ukalifungua, na bado ulikwenda. Je, ulikuwa na haki, Mama? Yule mwanamke aliishi? Mtoto wake ni mzee leo mahali fulani, Lubutu au wapi, asiyejua alikula nini kupitia kwa mama yake? Ungejibu nini? Na Feza, aliyekuwa na sababu ya kukuchukia kuliko mtu yeyote, kwa nini ndiye anayekilinda kinu chako? Nilimwuliza hilo pia. Alisema hajui. Alisema siku ile mkono wako uliokuwa umemshika ulikuwa wa moto sana, na kwamba hilo ndilo analolikumbuka kuliko njaa.

Nilikwenda kwa Bonifasi, tukapatana. Vikwembe tuvae, kwa kuwa vilikwisha kushonwa na watu wameshalipa mafundi. Nyimbo ziimbwe. Jina lisitajwe. Alinuna, akakubali, akaahidi kumwambia mtu wa mikro. Ungo utabebwa na Feza. Juu ya hilo hakuna aliyebisha.

Jumapili tukaenda. Nikueleze kwa ukweli, kwa sababu wewe hukupenda habari zilizopambwa. Tulitoka mlangoni tukicheza polepole kwa hatua za matoleo, Feza mbele na ungo kichwani, mimi nyuma yake, Bonifasi ubavuni kwangu akitokwa na jasho. Kitambaa kilikuwa cheupe kama unavyotaka. Tukafika katikati ya kanisa. Yule wa mikro, sijui aliambiwa akasahau au hakuambiwa kabisa, akafungua mdomo: "Matoleo ya familia ya marehemu Mama Veronika! Mama wa Alunguli!" Vigelegele vikalipuka. Watu wakasimama. Mama Zaituni, aliyekuja kwa heshima yako na kukaa nje karibu na dirisha, alipiga kigelegele kirefu kuliko Wakristo wote.

Nilitaka kukasirika. Nilimgeukia Bonifasi nikiwa na maneno tayari mdomoni, naye alikuwa analia kama mtoto, nami nikagundua kwamba nafurahi. Jina lako lilikuwa linazunguka chini ya bati la kanisa na nilitaka lirudiwe. Nilifurahi, Mama. Padri akapokea ungo, akauinua. Nikainua macho nimtazame Yule tuliyemletea, na mbele yangu kulikuwa na mgongo wa Feza, na mgongoni mwa Feza kulikuwa na picha yako kubwa yenye kilemba. Sikuona altare. Nilikuona wewe. Ulikuwa umenikinga kabisa, na umekasirika, sijui kwa jua lile la siku ya ubatizo au kwa ajili yangu.

Tulirudi, tukapika, tukala. Wali ulikuwa mzuri. Wote walisema kwamba ungejivunia. Mimi nilitafuna nikiwaza: tulimpa nani ule mchele? Kama tulikupa wewe, basi hatukutimiza sheria yako, na kila aliyeketi pale alikula kabla ya Mungu. Kama alipewa Yeye licha ya yote, basi huruma yake ni pana kuliko nilivyofundishwa, na wewe uliyelia njiani huenda ulikwisha kuijua. Siwezi kuamua. Nimejaribu kuamua siku hizi zote, nikiwa mtu niliyezoea kuamua.

Lakini hili nimeligundua na naona aibu kulisema. Tangu tulipokuzika, nikipiga magoti linalonitoka kwanza ni jina lako. Naanza, "Mama." Nakueleza mgongo unavyouma, nakueleza Bonifasi, nakueleza mvua, mpaka usingizi unanijia au mtu ananiita, nami nainuka bila kufika kwa Mungu. Nimekuwa nikisali kwako na kuita sala. Wewe ambaye hukutaka hata jina lako lisikike kanisani, nimekuweka mahali pake Yeye.

Sasa sikiliza, usinisute. Kile kishamba nitakilima mwenyewe kabla ya mvua zijazo, Feza akiwa mbele na mashimo yake, na mchele wa kwanza nitaubeba mimi nikiwa nimevaa shati langu la kawaida. Hiyo ni ahadi. Ya pili ni ngumu zaidi, na naianza kesho asubuhi: nikipiga magoti sitaanza na wewe. Nitaanza naye, hata kama sina la kumwambia, hata kama nitakaa kimya mbele yake kama mwanafunzi asiyejua somo. Utasikia kimya mahali ulipozoea kusikia sauti yangu. Usidhani nimekusahau, na usimwambie mtu huko kwamba mwanao amekuwa mkavu. Ngoja kidogo tu. Namsalimu Yeye, kisha nakuja kwako.

Lala salama, Mama.

Mwanao wa kwanza