Liki Mbichi ya Mtakatifu Daudi

Kambini, Machi mosi

Dada Heledd,

Hujambo? Mimi nanuka vitunguu mpaka masikioni! Leo sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mtakatifu wa taifa letu, na kwa desturi mwanajeshi mdogo kuliko wote kwa umri ndiye hula liki mbichi, ile jamii ya kitunguu yenye majani marefu, mbele ya kikosi. Nikasimamishwa kwenye kiti, mguu mmoja mezani, ngoma zinalia nyuma yangu.

"Tafuna, mtoto wa mama!" Sajenti Pugh akapiga kelele. "Au tumwite aje akuchemshie supu?"

Nikaimaliza yote, machozi yananitiririka. Jamaa mmoja akanipiga picha. Kumbe ni wa gazeti la kwetu! Inatoka Alhamisi.

Heledd, Mama anadhani nauza viatu mjini Swansea. Baba alipofia vitani, Mama alituapisha tusiguse jeshi. Basi wahi dukani, nunua magazeti yote, asiione picha. Jumatatu ijayo tunapelekwa ng'ambo, nitamwandikia ukweli nikifika.

Hapana, ngoja. Usinunue. Mpe gazeti wewe mwenyewe, ukae naye. Nitapiga simu Jumapili saa tisa mchana. Akikataa kupokea, pokea wewe, halafu iweke simu karibu naye, nimsikie hata akinitukana.

Mdogo wako,
Iolo