Majani Ndani ya Karo la Gamaliel

POLISI YA TANGANYIKA
KITUO CHA BUKOBA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Benadetha binti Ildefons
Umri: miaka 41 hivi
Kabila na dini: Mhaya, Mkatoliki
Kazi: mpishi, huwauzia makarani chakula cha mchana
Makazi: nyumba ya Gamaliel Karugendo, karibu na mto Kanoni, Bukoba mjini

Yameandikwa tarehe 10 Julai 1954, kuanzia saa nne asubuhi, mbele ya Koplo Mutembei. Shahidi ameonywa aseme kweli tupu.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nilizaliwa Nshamba, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa mjini. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu, sikuitwa. Nimekuja kwa ajili ya Omary, fundi cherehani, ambaye amewekwa ndani tangu juzi kwa kosa ambalo hakulitenda.

Nyumba tunayokaa ni ya zamani, ilijengwa wakati wa Mjerumani. Kuta zake ni za mawe na ina choo cha ndani cha kuvuta mnyororo. Mwenye nyumba ni Gamaliel, karani wa ghala la kahawa na mzee wa kanisa la Kilutheri. Mkewe anakaa Kaagya kwenye kibanja chao, yaani shamba lao la migomba. Hapa mjini Gamaliel anakaa na mama yake mzazi, Kokushubila, aliyeletwa karibu na hospitali kwa sababu ya macho. Sasa bibi huyo anaona mwanga tu. Mimi nimepanga chumba cha ubavuni na jiko la uani. Omary amepanga chumba cha mbele chenye baraza, na hapo ndipo anaposhonea. Ni Mwislamu, mzaliwa wa Tabora. Hao ndio watu wote wa nyumba ile.

Mnamo tarehe 6 Julai, Jumanne, asubuhi, nilimwaga maji ya kuoshea sufuria kwenye mfereji wa uani. Hayakwenda. Bafuni nako maji yalikuwa yanapanda badala ya kushuka, na ya chooni sitaki kuyasema. Mimi ni mtu wa kuuliza. Marehemu mume wangu alikuwa akisema ningeweza kulihoji jiwe mpaka likachoka. Basi nilijiuliza: huu ni mwezi wa Julai, mvua hakuna, Kanoni yenyewe imenywea, maji haya yamejaa kutoka wapi? Na siku zote yalikuwa yanakwenda wapi? Miaka yote namwaga maji katika nyumba ile na sikuwahi kuuliza. Niliona aibu.

Gamaliel alimwita Buberwa, fundi bomba. Buberwa alisema nyumba za Mjerumani zina karo, yaani tangi lililojengwa chini ya ardhi la kupokea maji machafu yote, na kwamba ni lazima lifunguliwe. Liko wapi, hakuna aliyejua, hata Gamaliel mwenye nyumba. Buberwa alichimba kwenye maua akakuta mawe. Akachimba karibu na mchungwa akakata mizizi, na Gamaliel akapiga kelele kwa ajili ya mchungwa wake. Wakati huo Kokushubila alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwa vidole. Alisema bila kuinua kichwa, "Liko chini ya banda la kuku."

Walihamisha banda, na kweli lilikuwepo. Lilikuwa na mfuniko mpana wa saruji, na katikati ya mfuniko kuna tundu la kupita ngumi mbili, limezibwa. Nilipiga magoti nikaangalia. Saruji ilikuwa ya kale, imeota ukungu, lakini kizibo kilikuwa kipande cha mgomba kilichokatwa karibuni, bado kina utomvu. Nilimgeukia yule bibi. Mtu asiyeona alijuaje kitu ambacho mwenye nyumba hakijui? Nilitaka kumwuliza pale pale, lakini Buberwa alikuwa ameshaanza kuinua mfuniko, na mimi sikutaka kupitwa na chochote.

Ndani, juu ya maji, kulikuwa na majani. Hayakuwa majani ya miti, yalikuwa nyasi nyembamba zilizoshikamana nene kama godoro, zimeziba mdomo wa bomba linaloingia. Harufu ya choo ilikuwepo, sikatai. Lakini juu yake ilikuja harufu nyingine, tamu na kali, ambayo kila aliyelelewa Uhaya anaijua. Ni rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zikishakamuliwa kwa nyasi, makapi yake hunuka vile vile. Hata wewe Bwana Koplo unaijua. (Koplo ameniambia nieleze niliyoyashuhudia tu.) Basi, niliinusa. Buberwa alicheka mpaka akaweka mtaimbo chini. Alisema, "Mzee, karo lako limelewa."

Gamaliel hakucheka. Yeye ameokoka, na tangu aokoke pombe haivuki mlango wake. Alisema, "Katika nyumba hii hakuna pombe." Mimi nilikumbuka kuku wake mmoja ambaye mwanzoni mwa mwaka alikuwa akitembea upande upande pale uani. Gamaliel alimtenga na wenzake akasema ana kideri, na kesho yake kuku akaamka mzima. 

Kisha Buberwa akavuta nyasi kwa ndoano, na pamoja nazo kikatoka kitambaa cha marekani kilichokunjwa pindo kwa uzi wa buluu. Mtaa mzima unaujua uzi huo. Omary alipata boksi zima la uzi wa buluu na anaushonea kila kitu, hata kanzu. Tena yeye na Gamaliel hawakuwa wakielewana tangu Pasaka, kwa sababu Omary hushona Jumapili na cherehani lake husikika wakati wa sala ya nyumbani. Gamaliel alimwendea barazani na kile kitambaa kikining'inia kwenye kijiti.

"Huu ni mshono wako?"

"Ni wangu, mzee."

"Nani alikupa kazi hii?"

Omary akasema, "Hilo siwezi kusema."

"Basi ni wewe. Umepika pombe ndani ya nyumba yangu, na kwa makapi yake umeniharibia nyumba makusudi."

Nilimwambia Omary, "Sema, bwana we!" Alinitazama tu, akarudi kwenye cherehani. Siku ya Alhamisi mchana askari wawili walikuja kumchukua. Aliniachia suruali ya mteja nimalizie vifungo, akaniomba nisichanganye uzi.

Tangu hapo sikutulia. Kwetu kukamua rubisi ni kazi ya wanaume. Mwanamke hakanyagi ndizi, ndivyo tulivyokuta. Kwa hiyo sote tulikuwa tunatafuta mwanaume. Omary hanywi, na mtu wa Tabora hajui hata ni nyasi gani zinazotumika. Buberwa haishi pale. Akabaki Gamaliel mwenyewe, mzee wa kanisa, na nasema wazi kwamba siku ya Ijumaa nilimpitia karibu sana nikamnusa. Alinuka sabuni.

Ijumaa hiyo hiyo Buberwa alimaliza kutoa nyasi na maji yakaanza kwenda. Nilimwuliza yanakwenda wapi yakitoka kwenye karo. Alisema yanazama ardhini chini ya migomba iliyo ukutani, ndiyo maana migomba ile ina afya kuliko yote mtaani. Nilifurahi kujua. Ndipo nikapata swali jingine ambalo ningeuliza tangu mwanzo: nyasi zenyewe zimetoka wapi? Mjini hatuna nyasi zile. Lakini kila wiki mtu wa Kaagya humletea Kokushubila mkungu wa ndizi na mzigo wa nyasi za kutandika chumbani, maana bibi yule hawezi kukaa juu ya saruji tupu. Amezoea sakafu ya nyasi, kama nyumba zetu zote za zamani.

Leo Jumamosi, asubuhi, nilimpelekea uji. Nyasi za sakafuni zilikuwa chache, saruji inaonekana. Kabla sijafungua mdomo aliniuliza, "Benadetha, mbona sisikii cherehani?" Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimweleza kwamba Omary yuko polisi, na kwa nini. Aliweka bakuli chini, akakaa na mikono wazi mapajani. Viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi, ule usiotoka kwa sabuni.

Nilisema, "Mawe," maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kihaya, "ni wewe?"

"Ni mimi. Ulitaka awe nani? Mwanaume wa nyumba hii ameokoka."

Aliniambia kwamba mume wake, Karugendo, alikufa mwaka juzi. Kwao, mtoto wa kiume akikamua rubisi hutenga kibuyu cha kwanza kwa ajili ya baba aliyetangulia, akakimimina kaburini. Gamaliel alikataa, akasema hayo ni mambo ya giza. Kokushubila alisema, "Sikubishana naye. Kila jioni nasali naye, na nasali kweli. Lakini baba yake alikuwa mtu wa rubisi, na amelala na kiu mwaka wa pili sasa. Nikasema nitafanya mimi, kidogo kidogo, kwa mikono, nisikanyage."

Basi hukamua ndizi chache katika beseni Gamaliel akiwa kazini, kisha humimina kibuyu kimoja chini ya migomba ya ukutani, akiwa ameelekea Kaagya, kaburi la mumewe liliko. Upande anaujua kwa jua la usoni. Sikumwambia maji ya karo yanaishia wapi.

Nilimwuliza makapi aliyapeleka vipi kule chini. Alisema mwanzoni aliwapa kuku, wakalewa, akaogopa. Siku moja akifagia banda kwa kupapasa alikuta tundu lenye kizibo kilichooza. Alidondosha kijiwe, akasikia maji mbali chini. Alisema, "Nilidhani shimo la Mjerumani halina mwisho." Tangu siku hiyo makapi yote aliyatia humo. Kitambaa chake cha kuchujia kilimponyoka mkononi kikaenda nayo. Omary alikikunja pindo bila kuuliza sana, na bibi alimwomba Gamaliel asijue. Omary alimwahidi. Ni ahadi hiyo iliyomleta hapa kwenu, na yeye hajaonja hata tone. Niliposikia hayo nilicheka, halafu nikalia. Nataka vyote viwili viandikwe.

Nilikusudia kuja peke yangu. Kokushubila alikataa. Alivaa gauni lake la kanisani, akachukua kibuyu cha wiki hii, akasema serikali ikitaka ushahidi, ndio huo. Tumekuja polepole. Njiani aliniuliza gerezani wanatandika nini sakafuni.  Sasa yuko nje kwenye benchi. Anaamini mtamweka yeye mahali pa Omary, na amekuja tayari. Naomba mkitoka mumwamkie kwanza, kwa sauti, maana haoni.

Nimesema niliyoyaona kwa macho na niliyoyasikia kwa masikio, na ya pua pia nimeyasema. Nimesomewa yote, ni yangu, nayatilia sahihi.

Sahihi: Benadetha Ildefons

MAANDISHI YA ASKARI

Maelezo haya nimeyaandika mimi. Pale shahidi aliposema Kihaya nimeyageuza kwa Kiswahili. Nilitoka nje nikamkuta Kokushubila, nikamwamkia. Amekubali yote yaliyoandikwa hapo juu. Nimepokea kibuyu kimoja cha rubisi kama kielelezo. Kimejaa.

Mlalamikaji, Gamaliel Karugendo, aliitwa kutoka ghalani. Alisomewa maelezo haya mama yake akiwa ameketi kando yake. Aliomba niyasome tena pale penye maneno ya mama yake. Nimesoma. Ameondoa malalamiko yote. Omary ameachiliwa leo hii, na mlalamikaji amemshika mkono. Kuhusu kupika pombe mjini bila kibali, mkuu wa kituo ameagiza kesi isifunguliwe.

Mlalamikaji ameomba apewe kielelezo. Nilimwuliza ni cha nini. Alisema gari la Kaagya linaondoka saa tisa, na kwamba baba yake amengoja vya kutosha. Nimempa. Ametia sahihi ya kukipokea.

Koplo Mutembei
Bukoba, 10 Julai 1954