Mwanao Ana Mdomo

Kwako binti yangu,

Sisi wazima, na cherehani yangu bado inaunguruma kuliko za vijana wote wa mtaa huu. Paa halivuji tena. Nilipanda mwenyewe kuliziba, wakasema mzee utaanguka, sikuanguka.

Mwanao amerefuka. Jioni ananisaidia kupima wateja kwa kamba, maana namba za tepu mimi sizijui, napiga fundo tu na sijawahi kukosea. Juzi alikuja mke wa muuza mkaa kupimwa gauni la harusi ya mwanawe. Mwanao akamzungushia kamba kiunoni, akaniita kwa sauti, "Babu, hii haifiki, lete ya kufungia ng'ombe!" Wateja wakacheka. Mama wa watu naye akacheka, kisha akakunja kitambaa chake akaondoka.

Nikamwambia mtoto mfuate ukamwombe radhi. Akanijibu, "Kwani nimesema uongo, Babu?" Hakwenda. Sikumpiga wala sikumgombeza, nikaendelea kushona. Siku hizi hata hasira hainijii.

Umeuliza kama nimemwonyesha ile picha uliyopiga baada ya mafuta ya moto kukuunguza uso kule kazini. Bado. Mimi nisiyeogopa mtu mtaa mzima, namwogopa mtoto wa miaka kumi na minne. Kwa hiyo tiketi ya kurudi usikate kwanza, mwanangu.

Ni mimi baba yako, fundi asiye na mpinzani.