Pua Inajua, Karatasi Imeongopa

Mpendwa Doña Otilia wa safu ya ushauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa. Mimi ni Zenaida wa hapa Chone, mwaka wa kumi na tisa huu ninanusa kakao inayochachuka kwenye masanduku ya ushirika, nasema “bado” au “tayari”, ikitolewa kuanikwa na punje zikikatwa haijatokea nimekosea, sasa akaja injinia mpya, Wladimir, akaniuliza, “Unajuaje?” nikasema najua tu, akacheka mbele ya watu, “Hiyo ‘najua tu’ ni ya waganga, bibie, niandikie sababu,” na mimi kwa aibu nikabuni, nikaandika kwamba vijinzi, wale inzi wadogo wa matunda, vikihama sanduku, kakao iko tayari, akaibandika ukutani! Nikaenda Portoviejo kumzika shangazi, mwenzangu Nelly akafuata ile karatasi, masanduku sita yakaoza, na Ijumaa anafukuzwa. Nikisema kweli, si watasema sijawahi kujua kitu? Na siku hizi nikinusa najiuliza kwa nini, harufu yenyewe inanikimbia.

Zenaida, mwanangu, umenichekesha halafu umeniudhi. Mama yako akipiga simu, hukai kupima sauti ndipo uamue ni yeye. Unasikia, unajua, basi. Pua yako ni hivyohivyo. Kakao iliyoiva inakufikia yenyewe, na miaka kumi na tisa haikukudanganya. Kujua ni kitu kimoja, kueleza unavyojua ni kingine. Nelly alikuwa na sababu ukutani na hakujua lolote, wewe huna hata moja na unajua.

Lakini usivimbe kichwa. Pua ikiwa na mafua bado itakuambia “tayari” kwa madaha, na itakuwa inaropoka. Siku hiyo kaa pembeni. Na acha kujihoji ukiwa umeinama sandukuni, nusa kwanza.

Uongo wako ndio aibu, si pua. Ulimwogopa Wladimir ukambebesha mwenzako lawama! Ichane karatasi hiyo kwa mkono wako, mbele yake. Mwambie akufunge macho, akupitishe masanduku kumi, kisha akate punje mwenyewe. Akiuliza tena unajuaje, mwonyeshe punje.

Ila hayo ni ya kesho. Leo, kabla hujala, nenda kwa Nelly. Amekaa kwake anaamini macho yake ndiyo mabovu, kwamba hayakuviona vijinzi sawasawa.