Jinsi Tulivyompata Baba Dafroza

Makanyagio, Mpanda
Jumatano jioni

Dada Stella, shikamoo.

Sauti imepatikana. Tatu, fundi kompyuta wa redio yetu, ametutangazia hivyo leo saa nne asubuhi, nami nimeisikiliza mara mbili kabla ya kukuandikia. Sasa nikuulize: goti linaendeleaje? Na mahindi ya huko Makambako yamekauka, au mvua bado inawachelewesha? Mimi mzima. Malaria ya mwezi uliopita imekwisha na nimeanza tena kwenda kazini kwa miguu.

Sauti yenyewe ni ya marehemu mwenyekiti wa mfereji wa mpunga kule Majimoto. Miaka ya nyuma alieleza redioni jinsi zamu za maji zilivyokubaliwa. Mwaka huu wenye mashamba ya juu wanasema hapakuwa na makubaliano yoyote. Mkwe wa marehemu, Mama Oswadi, shamba lake liko mwisho kabisa wa mfereji, na udongo umeanza kupasuka. Wiki iliyopita alikuja ofisini.

"Baba mkwe alisema hapa hapa kwenu," aliniambia. "Nyie mnatunza maneno, au mnayarusha tu hewani?"

Swali la haki. Tunayo maelfu ya mafaili ya sauti, na kila mtangazaji aliyahifadhi kwa mtindo wake. Tatu alifungua lile dirisha jeusi la amri, ambalo halina picha wala cha kubofya. Unaandika unachotaka, kompyuta inatafuta. Akaandika Yakobo, jina la marehemu kama lilivyo kwenye barua ya kikundi cha wakulima. Jibu likaja hapo hapo: hakuna.

Mzee Pius, mtangazaji wetu wa siku nyingi, hakuliamini dirisha hilo. Alikaa kwenye kompyuta nyingine, akafungua folda moja moja kwa mausi na kusikiliza. Siku mbili nzima. Walisemeshana kwa kejeli tu.

"Mzee, ukifika folda ya mwisho utanikuta nimestaafu."

"Na wewe endelea kuliuliza giza. Limekujibu nini?"

Umeme nao ulikatika mara tatu, kila mmoja akaanza upya.

Leo asubuhi Tatu aliweka programu inayounganisha njia hizo mbili. Juu unaziona folda kwa picha, kama alivyozoea Pius. Chini kuna ukanda wa kuandikia amri, na ukibofya folda ya juu, ukanda nao unahamia humo humo. Akamwita mzee wakae kiti kwa kiti. Kwa mara ya kwanza Pius akaona mwenzake anaandika nini.

"Yakobo? Nani angemwandika mzee yule Yakobo, kama mtoto mwenzake? Mimi nilimwandika Baba Dafroza."

Tatu akaandika Dafroza. Yakatokea mafaili kumi na moja, mengine kwenye folda ambazo Pius angezifikia labda Krismasi. Pius akashika mausi, akabofya na kusikiliza. La saba ndilo lenyewe. Tangu hapo wawili hao wamekaa meza moja, kila faili wanaliongezea jina la mzee mwenyewe na la mwanawe wa kwanza. Kejeli zinaendelea.

Ndani ya sauti, mwenyekiti anasema mwisho wa mfereji una siku mbili kwa wiki. Mama Oswadi alikuwa akidai tatu. Nilimpigia simu nikamweleza kwamba mbele ya wakulima nitaiweka yote, bila kukata. Akacheka.

"Mbili zinanitosha, mwandishi. Ilimradi mtu asinizibie kwa jembe."

Nisalimie shemeji. Mama mdogo mwambie kitenge chake kimefika salama kwa mwanawe hapa Mpanda. Mwalimu wa kwaya naye asiulize. Bado naimba vibaya.

Wakulima wanakutana Majimoto Jumamosi, saa tatu asubuhi. Basi langu linaondoka Ijumaa saa sita mchana, na tiketi ninayo.

Mdogo wako,
Gaspari