Mlango Nimeuhamisha

Jumatatu, 11 Agosti 1975
Moto wa miti ya pamba na mavi ya ng'ombe. Kuni hakuna tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Moshi mtupu. Mayu, mama yangu mzazi, kakaa humo humo anakoroga uji wa Masanja, macho mekundu kama pilipili. Namwogesha yeye, namwogesha Masanja, ndoo ile ile. Limi anajiogesha, ana miaka sita, mkubwa huyo! Baba yao Maduhu yuko Malampaka, anapakia marobota ya pamba kwenye treni.
Mtoto wa Mama Kulwa, jirani yetu, kafa kwa surua. Nyumba za hapa zimepangwa mstari. Kilio chote nakisikia.

Jumatano, 13 Agosti
Nimefika kisimani, wote wakanipa mgongo. Kisha Mama Kulwa kanisalimu: "Wangaluka, mtoto wa macho mekundu." Wakacheka.
Mayu alimpa yule marehemu kiazi kabla hajaugua. Basi. Hilo tu. Eti kamroga.
Najua vikongwe wa macho mekundu wanafanywaje. Wanafuatwa na mapanga.

Alhamisi, 14 Agosti
Mwanaume wa baiskeli, si wa hapa, kamwuliza Limi barabarani: bibi yako analala na nani? Na Limi kajibu, mtoto ana adabu: "Na mimi na Masanja, kale kanyumba kadogo."
Nimekimbia kwa balozi wa nyumba kumi. Kachungulia nje kwanza. "Binti, mwambie anawe macho."
Nikamwambia ni moshi, mzee! Mkeo mwenyewe macho yake yakoje?
"Ndiyo maana nakuomba uondoke hapa kwangu, wasije wakamgeukia na yeye."

Ijumaa, 15 Agosti
Nifanye nini? Nikiwatoa watoto kwa bibi yao, kijiji chote kitasema hata binti yake kaamini. Nitakuwa nimemwua mimi. Nikiwaacha, panga gizani halichagui.
Mlango wa Mayu ni wa mabua. Mbuzi anausukuma. Nyumba yetu kubwa ina mlango wa mbao na komeo la chuma. Ila ni nyumba ya Maduhu, na mama haingii kwa mkwe wake. Hata uso hawatazamani.
Nimempigia magoti. Kasema: "Nilale mkwe wangu anapovulia suruali? Bora hilo panga."
Jioni Masanja kaanza kukohoa. Nikayatazama macho ya Mayu. Nikaogopa. Mama yangu! Najichukia.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimeng'oa mlango wa Maduhu!
Nyundo na jembe. Mzito kama ng'ombe mfu. Nimeukokota mchana kweupe, mstari mzima unatazama. Mama Kulwa kasimama kwake, mikono kiunoni: "Unamfungia mchawi na wanao?"
"Na mimi ndani!"
Mlango mpana, ukuta wa Mayu mwembamba. Nimechimba udongo, nimepachika, nimekandika. Mayu kaupapasa, kaniita kichaa. Dereva wa lori la pamba kabeba ujumbe Malampaka. Nyumba kubwa iko wazi. Waibe.

Jumapili, 17 Agosti
Walikuja usiku. Mbwa alibweka, akanyamaza. Wakaupiga mlango. Wakaupiga tena. Limi kaniuma mkono ili asilie. Mayu kamlalia Masanja, mwili mzima juu yake.
Nikapiga yowe. Hakuna kitu. Kwetu yowe haliachwi, hata la adui unaitikia. Hakuna kitu! Nikapiga tena mpaka koo likachanika.
Akaitikia mmoja. Mama Kulwa. Yeye! Ndipo nyumba ya pili, ya tatu, mstari wote ukalia. Wenye mapanga wakakimbia.
Leo kisimani Mama Kulwa kapita bila kunisalimu.

Jumanne, 19 Agosti
Maduhu karudi. Kaona nyumba yake haina mlango. Kauona ulipo. Kaingiza kidole kwenye mikato ya panga, mmoja mmoja. Kwa mbali, uso kaugeuzia zizini, kamsalimu mkwe wake. Mayu kaitikia toka ndani.
Hatarudi Malampaka mpaka mvua zianze. Baada ya hapo sijui.
Kikohozi cha Masanja kimepungua. Hana vipele.
Maduhu kalala nyumba kubwa, mkuki pembeni. Upepo unaingia wote. Nilipokuwa nafunga komeo, Mayu kavua blanketi lake mabegani.
"Mpelekee mwenye mlango."