Wimbo wa Maman Véro

Jumatatu, 4 Novemba

Bwana Mungu, jambo. Habari ya huko? Mimi mzima, mgongo tu. Najua wewe huumwi, lakini kwetu mtu haanzi maneno bila kuulizia afya, na katika nyumba hii hakuna mwingine wa kumuuliza.

Tramu ya Bruxelles mpaka Jette tena, kwa Maman Véro, mzee ninayemtunza. Nilimwosha, nikampaka miguu mafuta. Uji hakumaliza. Tangu walipompasua koo, sauti yake ni pumzi tu. Yeye aliyeimba ridhimu na bluzi Bukavu mama yangu akiwa bado msichana! Wengine walipiga rumba watu wacheze. Yeye alisikia Wamarekani weusi kwenye redio, hakuelewa neno hata moja, akakamata kile kilio chao akakitia Kiswahili. Picha yake iko ukutani. Gauni linang'aa, mdomo wazi.

Jumatano, 6 Novemba

Leo amenisimulia habari ya sahani yake ya santuri. Alikuja Bruxelles na orchestra, wakarekodi wimbo mmoja. Wenzake wakarudi. Yeye akabaki kungoja kuitwa tena studio. Hakuna aliyemwita. Akafagia bureau, ofisi za watu, mpaka pensheni. Sahani yenyewe ilipotea katika kuhamahama.

Wimbo ni wa mke anayemngoja mume aliye safarini. Mwimbaji anauliza, "Umefika?" Bar nzima inajibu, "Bado!" Mimi naujua. Mama aliuimba akitwanga sombe, majani ya muhogo, baba asipokuwepo.

Maman Véro akanipumulia sikioni, "Umefika?" Nikaendelea kukunja taulo. Nimeokoka. Nyimbo za dunia niliziacha. Akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango.

Nimerudi na aibu.

Ijumaa, 8 Novemba

Solange wa chorale yetu, kwaya ya kanisa, yule anayesuka watu Galerie d'Ixelles, alikuja kumsuka.

"Usinivute hivyo, siko mukeka," Maman Véro akapumua.

"Unyamaze, maman. Utatoka kijana, tutakutafutia bwana."

"Bon. Lakini awe na motokari."

Tulicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha akaniangalia. "Umefika?" Sijui nini kilinishika. "Bado!" Kwa sauti yote. Akafumba macho, machozi yakashuka. Akauliza tena, nikajibu tena. Solange alibaki na kitana hewani.

Jumapili, 10 Novemba

Solange ana mdomo. Pasta aliniita baada ya ibada. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Maman Neema, wewe njo unaongoza chorale. Watoto wanakuangalia. Wimbo ya bar, non."

Alitaka niahidi sitauimba tena. Nilisema niombe kwanza. Bwana, unajua. Mume wangu yuko kaburini Uvira, mabinti wako Montréal. Siku ya mazoezi ya chorale ndiyo siku watu wananiita kwa jina langu. Wakinitoa pale, nabaki na nani?

Nimeomba. Sijasikia kitu.

Jumanne, 12 Novemba

Maman Véro yuko chini kabisa. Daktari alikuja, akaenda. Akanishika mkono.

"Siku ya kunizika, uniimbie ile. Mbele ya watu. Mara moja tu."

"Pasta atakuwa pale, maman."

"Alors? Na yeye ana masikio."

Nimesema ndiyo. 

Alhamisi, 14 Novemba

Ameenda asubuhi, mkono wake katika wangu. Nimemfunika. Nywele zilikuwa bado nzuri.

Jumatano, 20 Novemba

Tumemzika. Mvua. Watu wachache, chorale na pasta. Pasta alisali vizuri, nisimseme vibaya.

Walipomshusha nikafungua mdomo. Mwanzo sauti ilitoka mbaya, imekauka. Kisha kikaja kile kilio chenyewe, sikujua kama ninacho. Nikafika pale penyewe. "Umefika?"

Wote wanaangalia viatu.

Nikauliza tena. Mvua juu ya miavuli, basi. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini anayeuliza hawezi kujijibu, wimbo haukutengenezwa hivyo. Nikaachia hapo.

Getini pasta aliniambia nipumzike kwanza na chorale. Hakusema mpaka lini. Nilirudi peke yangu, nikashuka Porte de Namur, nikatembea Chaussée d'Ixelles yote, barabara ya maduka yetu, bila kununua kitu. Ili tu nipite katikati ya watu.

Sijutii. Inauma, lakini sijutii.

Jumapili, 24 Novemba

Niliketi nyuma, karibu na radiateur inayopasha moto. Waliimba bila mimi. Waliimba vizuri, hilo nalo liliniuma.

Wakati wa sadaka chorale ilipita kwa mstari. Solange alikuja kichwa mbele, hata jicho hakunipa. Alipofika usawa wangu akasema chini chini, "Bado." Akaendelea kutembea.

Nimepika wali kidogo. Mvua imeacha. Sufuria ya uji ya Maman Véro nimeiweka juu ya kabati.

Bwana, mimi mzima. Yeye, amefika? Tafadhali unijibu mbio.